SOMO: PROGRAMU INAPOPUNGUA KASI BAADA YA KUBORESHWA

Watumishi wa Serikali wanaosimamia kompyuta, pamoja na wananchi wenye kuipenda elimu hiyo, wanafahamishwa kuwa programu huweza kupungua kasi pasipo kubadilishwa hata mstari mmoja wa maandishi yake. Mara nyingine chanzo huwa ni kompaila, yaani programu inayofasiri maandishi ya mtungaji yawe amri za mashine.

Kompaila ya GCC, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1987, ina viwango vya uboreshaji, miongoni mwavyo -O2 na -O3. Kiwango cha -O3 huongeza mbinu zinazoweza kurefusha amri. Aidha, toleo la 12 la mwaka 2022 lilianza kutumia katika -O2 mbinu ya kuunganisha hesabu kadhaa katika amri moja. Aghlabu mbinu hizi huleta kasi. Hata hivyo, amri zikirefuka mno haziingii zote katika kashe, kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa, ambayo katika prosesa nyingi hutenga kilobaiti 32 tu kwa ajili ya amri. Hapo prosesa hungoja, na kazi huchelewa.

Ili kubaini chanzo, inapasa hatua hizi zifuatwe:

(a) Kazi ipimwe mara kadhaa kwa mashine ile ile na data zile zile, na muda wa kati uchukuliwe. Kipimo kimoja si ushahidi.

(b) Maandishi yale yale yafasiriwe kwa kompaila ya zamani na kwa mpya. Tofauti ikidhihirika, kompaila ndiyo ya kuchunguzwa.

(c) Chombo cha perf, katika mfumo wa Linux, kitumike kuonyesha sehemu inayokula muda.

(d) Mbinu za uboreshaji zizimwe moja moja. Iwapo shaka imeangukia mabadiliko 1,000 ya kompaila, kuyagawa nusu kwa nusu humaliza upekuzi kwa vipimo vipatavyo 10.

(e) Amri za mashine za pande mbili zilinganishwe, ili sababu ionekane, isikisiwe.

Sababu ikishajulikana, mbinu husika izuiwe katika sehemu ile tu. Kuzima uboreshaji wote ni kuvunja nyumba kwa ajili ya kumfukuza panya. Vipimo vihifadhiwe na virudiwe kila kompaila inapobadilishwa.

Kununua mashine mpya kabla ya uchunguzi huo ni kutumia fedha za umma pasipo haja. Wanaohusika wanaombwa kuzingatia.