Kuchagua Betri Mpya ya Gari la Njia Mbovu

Gari la zahanati moja ya kijijini lilibadilishiwa betri tatu katika muda wa miaka miwili. Kila mara aliyetumwa mjini alirudi na betri yenye tarakimu kubwa kuliko ile iliyotangulia. Na kila mara, baada ya miezi michache, wanakijiji waliitwa usiku kulisukuma gari hali mgonjwa amekwisha kulazwa ndani. Nilipopata nafasi ya kulipima gari hilo nilitambua kwamba betri zote tatu zilikuwa nzuri. Mkosaji alikuwa mwingine, naye tutamtaja baadaye.

Kisa hiki kinaonyesha kwamba kuchagua betri ya gari la magurudumu manne yanayosukuma, liendalo kwenye mashimo, matope na vumbi, ni kazi ya kupima na kufikiri. Katika makala hii tutaeleza mambo yanayompasa mnunuzi kuyajua kabla ya kutoa fedha zake.

Betri hufanyaje kazi?

Betri ya kawaida ya gari ni ya risasi na tindikali. Ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na ingawa imeboreshwa mara nyingi, misingi yake haijabadilika. Ndani yake mna vyumba sita viitwavyo seli. Kila seli ina mabamba ya risasi na mabamba ya oksidi ya risasi, nayo yamezama katika tindikali ya salfuri iliyochanganywa na maji. Seli moja hutoa volti 2.1 hivi, kwa hiyo seli sita hutoa volti 12.6.

Betri inapotoa umeme, tindikali huungana na mabamba na kufanya salfeti ya risasi. Inapochajiwa, mambo hurudi kinyume chake. Lakini salfeti hiyo ikiachwa muda mrefu bila kuchajiwa hugeuka kuwa fuwele ngumu zisizoyeyuka kwa urahisi. Hapo ndipo betri huanza kufa.

Maadui watatu

Adui wa kwanza ni joto. Nilipokuwa masomoni Ulaya ya kaskazini, tulifundishwa kuiogopa baridi, kwa maana katika nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri nguvu ya betri hupungua hata kufikia karibu nusu. Huku kwetu mambo ni kinyume. Joto huifanya betri iwake vizuri leo, lakini huifupishia maisha. Wahandisi hukadiria kwamba kila joto la betri linapoongezeka kwa nyuzi 10, kasi ya uharibifu wa ndani huongezeka takriban mara mbili. Maji hukauka, na fremu za risasi zinazoshika mabamba huliwa na kutu.

Adui wa pili ni mtikisiko. Unga wa kikemia uliopakwa kwenye mabamba hubanduka kidogo kidogo gari linaporukaruka, ukatuama chini ya seli. Ukijaa hadi kuyagusa mabamba, seli hiyo hujifunga yenyewe na kupoteza nguvu.

Adui wa tatu ni njaa, yaani kukaa bila kuchajiwa. Tufanye hesabu ndogo. Tuseme saa na redio ya mawasiliano hunywa ampea 0.05 tu gari likiwa limezimwa. Katika siku 30, ambazo ni saa 720, zitakuwa zimenywa ampea-saa 36. Kwa betri ya ampea-saa 70, hiyo ni zaidi ya nusu ya akiba yote.

Tumchunguze mshtakiwa kwanza

Kabla ya kununua betri mpya, yatupasa kuhakikisha kwamba ile ya zamani ina hatia kweli. Kifaa kinachohitajika ni mita ya volti tu.

Kwanza, gari lilale usiku kucha, kisha pima. Volti 12.6 au zaidi ni dalili ya betri iliyojaa, 12.2 ni nusu. Na ikiwa karibu na 11.9, betri imekwisha na yafaa ichajiwe kabla ya kuhukumiwa. Pili, pima wakati mwenzako anapiga stata. Ikiwa betri iliyojaa inashuka chini ya volti 9.6, basi kweli imechoka. Tatu, pima injini ikinguruma. Hapo mita ionyeshe kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi. Ikionyesha pungufu ya 13, betri haipati chakula. Ikizidi 15, betri inapikwa.

Hapa ndipo alipopatikana mkosaji wa gari la zahanati. Mita ilisoma volti 15.4. Kirekebishi cha alteneta kilikuwa kimeharibika, na kila betri mpya ilichemshwa hadi ikakauka. Kilibadilishwa kirekebishi, nalo gari likaacha kusukumwa.

Kuzisoma tarakimu

Kwenye lebo ya betri kuna hesabu mbili kubwa. Ya kwanza ni ampea-saa, yaani ukubwa wa akiba. Hupimwa kwa kuitoa akiba hiyo polepole kwa muda wa saa 20. Hivyo betri ya ampea-saa 70 huweza kutoa ampea 3.5 kwa saa 20. Ya pili ni nguvu ya kuwashia katika baridi, ambayo hupimwa katika nyuzi 18 chini ya sifuri.

Hesabu hii ya pili huwadanganya wengi. Katika nchi ya joto haina haja kupita kiasi alichoagiza mtengenezaji wa gari. Zaidi ya hayo, ili kuipata hesabu kubwa katika kasha lilelile, mtengenezaji aghalabu huweka mabamba mengi yaliyo membamba, nayo mabamba membamba huliwa upesi na joto na mtikisiko. Injini ya dizeli inahitaji nguvu kubwa kuliko ya petroli, kwa hiyo usishuke chini ya kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Lakini ukikifikia, tazama akiba na uimara.

Aina zilizopo

Betri ya vifuniko vinavyofunguka ni ya bei nafuu, nayo huweza kuongezwa maji yaliyokenekwa. Kwa gari lililo mbali na mji na lenye dereva mwangalifu, aina hii bado ni chaguo jema.

Betri ambayo tindikali yake imefyonzwa na tabaka za nyuzi za kioo haimwagiki na hustahimili sana mtikisiko. Yafaa hasa kwa pikipiki za magurudumu manne, ambazo huinama huku na huku. Hata hivyo haiongezwi maji. Kwa hiyo ikichajiwa kupita kiasi haina tiba, na haifai kuwekwa karibu na moto wa injini.

Betri ya lithiamu na fosfeti ya chuma ni nyepesi sana na huweza kutumiwa mara nyingi zaidi. Lakini bei yake ni kubwa, inahitaji mtambo wa ndani wa kuilinda, na alteneta sharti ikubaliane nayo.

Kununua na kufunga

Dukani, tafuta tarehe ya kutengenezwa, kwani betri iliyokaa rafuni miezi mingi katika joto imekwisha kuzeeka kabla ya kuuzwa. Pima volti zake. Ikiwa chini ya 12.4, omba nyingine. Linganisha urefu, upana, kimo na upande wa ncha chanya. Betri inayocheza ndani ya kitako chake haitadumu, hata iwe ya bei gani.

Wakati wa kuifungua ya zamani, anza na ncha hasi. Wakati wa kuifunga mpya, ncha hasi iwe ya mwisho. Hivyo spana ikigusa bodi kwa bahati mbaya haitaleta cheche, na cheche ni hatari, kwa kuwa betri hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka.

Betri kuukuu nayo isitupwe wala isiyeyushwe uani. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Mwaka 2020 mahakama mjini Mombasa iliamuru wakazi wa Owino Uhuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3 kutokana na sumu ya kiwanda cha kuyeyushia betri. Irudishe kwa muuzaji anayezikusanya kwa idhini.

Kwa muhtasari: pima kwanza, fuata kitabu cha gari, pendelea uimara kuliko tarakimu, kisha ifunge betri barabara. Mita ndogo ya volti huweza kuokoa fedha za betri tatu. Na katika usiku wa dharura, huenda ikaokoa zaidi ya fedha.