Aliyetangulia na Aliyefika: Somo la Uongozi kwa Vikundi



Mwezi huu tunajifunza juu ya uongozi. Hatutaanza na katiba ya kikundi wala kazi za mwekahazina. Tutaanza na wakimbiaji wawili wa hapa kwetu Gusii. Mmoja wenu asome kwa sauti, polepole, kisha mjadili maswali yaliyo mwishoni.

1. Aliyetangulia

Nyandika Maiyoro alikuwa mwana wa Gusii. Mwaka 1954, Kenya ikiwa bado chini ya Mwingereza, alikwenda Vancouver, Kanada, kwa michezo ya Jumuiya ya Madola. Katika mbio za maili tatu alikuwa wa nne. Mwaka 1956 Kenya iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko Melbourne, Australia. Maiyoro akawa wa saba katika mita 5,000. Mwaka 1960, huko Roma, akawa wa sita.

Tazameni hesabu hiyo: wa nne, wa saba, wa sita. Safari tatu za mbali, hakuna medali. Mtu mwenye haraka atauliza, "Sasa huyu alitufanyia nini?"

Alifungua njia. Kijana wa Manga aliyekuwa akikimbia kwenda shule alisikia kwamba mtu wa lugha yake amesimama mstari mmoja na mabingwa wa dunia, na hakuachwa nyuma kabisa. Mwaka 1958 Mgusii mwingine, Arere Anentia, alileta medali ya shaba ya maili sita kutoka Cardiff. Njia ilikuwa imeanza kukanyagwa.

2. Aliyefika

Naftali Temu wa Nyamira alizaliwa mwaka 1945. Maiyoro alipokwenda Vancouver, Temu alikuwa mtoto wa miaka tisa tu. Mwaka 1964 na yeye alifika Olimpiki, huko Tokyo. Ilikuwaje? Mbio za mita 10,000 hakuzimaliza. Katika marathoni akawa wa 49.

Hebu fikirini safari ya kurudi nyumbani. Wangapi kati yetu wangetundika viatu? Temu alirudi mazoezini. Mwaka 1966, huko Kingston, Jamaika, alishinda maili sita na kumwacha Ron Clarke wa Australia, aliyekuwa na rekodi ya dunia. Halafu tarehe 13 Oktoba 1968, katika jiji la Mexico, alikimbia tena zile mita 10,000 zilizomshinda Tokyo. Mwisho walibaki yeye na Mamo Wolde wa Ethiopia. Temu alimpita karibu na utepe, akashinda kwa tofauti ya sehemu sita za kumi za sekunde. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Siku nne baadaye akaongeza shaba ya mita 5,000.

3. Maneno ya "hewa nyepesi"

Wako waliosema Temu alishinda kwa sababu jiji la Mexico liko juu sana, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, na watu wa milimani wamezoea hewa nyepesi. Ni kweli hewa ile iliwatesa wengi. Clarke mwenyewe alianguka na kuzimia baada ya kumaliza. Lakini Kingston iko ufukoni mwa bahari, na huko pia Temu alikuwa amemshinda Clarke. Mlima ulimsaidia, lakini mlima haukimbii.

Na sisi tuna maneno kama hayo. Tukiona kikundi cha jirani kimeendelea tunasema, "Wale wana mfadhili," au "Wale wako karibu na barabara." Pengine ni kweli. Lakini je, tumeuliza wanakutana mara ngapi, na daftari lao linaandikwa na nani?

4. Kiongozi na mrithi wake

Tuliwahi kutembelea kikundi kimoja cha akina mama chenye kinu cha kusaga. Jina lake tunalihifadhi. Mwenyekiti wao aliongoza miaka tisa kwa uaminifu. Ufunguo aliweka yeye, kitabu cha benki yeye, fundi alimjua yeye. Siku alipougua, kinu kilifungwa miezi mitatu. Akina mama wakarudia kubeba mahindi kichwani hadi soko la mbali, na wanane wakajitoa. Tulipomtembelea kitandani alituambia, "Nilifikiri ninawasaidia kwa kuwabebea. Kumbe nimewanyima miguu."

Alipopata nafuu alichagua wasichana wawili, akawafundisha hesabu. Mwezi wa kwanza shilingi 240 hazikuonekana. Wanachama wakapiga kelele wasichana watolewe. Mama akasema, "Hapana. Wataketi hapa, watahesabu tena mbele yetu." Wakahesabu. Kosa lilikuwa la kuandika, fedha zilikuwepo. Wasichana hao ndio waliofungua kinu tena.

Mama huyo angewatoa siku ile, angekuwa amemaliza mbio zao pale Tokyo.

Wazee wetu walilima kwa risaga: jirani wanaitana, leo shamba lako, kesho langu. Katika risaga aliye na nguvu hakimbii na kuwaacha wengine mtaroni. Huwaonyesha wapya namna ya kushika jembe. Uongozi mwema ni huo. Atakayepokea jembe lako ni nani? Kama humjui, kazi yako bado ni nusu, hata kama kikundi kina fedha benki.

Mtume Paulo naye alifananisha maisha ya Mkristu na mbio. Someni pamoja 1 Wakorintho 9:24-27.

Maswali ya kujadili

1. Katika kikundi chetu, "Maiyoro" ni nani, yaani aliyefungua njia bila kupata medali? Tumewahi kumshukuru?
2. Ni nani tulimtoa au alijitoa baada ya kosa moja? Tunaweza kumrudisha?
3. Mwenyekiti, katibu na mwekahazina wakiugua leo, kazi gani itasimama kesho?
4. "Hewa nyepesi" yetu ni ipi, yaani kisingizio tunachokipenda?

Kazi ya mwezi

Kila mwenye cheo amchague mwanachama mmoja, afadhali kijana, akae naye mkutano mzima akimfundisha kazi yake. Mkutano unaofuata, kijana huyo aifanye mwenyewe, na mwenye cheo atazame tu. Akikosea, asinyang'anywe kalamu. Arudie.