Mume, mke na matanga: safari katika Bahari ya Mediterania

Leo tunatoka nchi kavu na kuingia baharini. Someni polepole. Kama darasani kwenu mna ramani ya dunia, mmoja asimame mbele aonyeshe kwa kijiti, wengine wafuate kwa macho.

Tafuteni bara la Afrika. Juu yake liko bara la Ulaya. Kati ya mabara hayo mawili mtaona maji marefu yaliyolala toka magharibi mpaka mashariki. Hiyo ndiyo Bahari ya Mediterania. Wengine huiita Bahari ya Kati, maana imezungukwa na nchi kavu: Ulaya kaskazini, Asia mashariki, Afrika kusini. Urefu wake ni kama kilomita 3,700. Upande wa magharibi kuna mlango mwembamba wa kutokea bahari kuu, unaitwa Gibraltar. Mahali pembamba kabisa upana wake ni kilomita 14 hivi. Upande wa mashariki binadamu wamechimba mlango mwingine, Mfereji wa Suez. Mfereji huo ulifunguliwa mwaka 1869.

Katikati ya miaka ya 1970 mume na mke waliingia kwa mlango wa Gibraltar na kutokea kwa mlango wa Suez, wakiwa na chombo chao wenyewe. Chombo hicho hakikuwa na injini. Kilikuwa na matanga, kasia refu, na watu wawili basi. Katika somo hili tunataka kujua jambo moja: chombo kidogo namna hiyo kilipitaje bahari hiyo bila kuzama?

Chombo na wenyewe

Mume aliitwa Larry Pardey, mzaliwa wa Kanada. Mke ni Lin Pardey, wa Marekani. Walikutana California mwaka 1965. Larry alikuwa fundi wa mbao na baharia. Wakaanza kuunda chombo kwa mikono yao, na mwaka 1968 wakakishusha majini. Wakakiita Seraffyn.

Urefu wake ulikuwa mita 7 na nusu kasoro kidogo. Upana ulikuwa mita 2 na sentimita 70. Hebu pimeni hapo nje kwa hatua: hatua saba au nane ndefu kwenda mbele, hatua tatu kwenda kando. Ndani ya nafasi hiyo mlikuwa na kitanda, jiko, vyombo, chakula, maji, kamba, nanga na matanga ya akiba. Taa zao zilikuwa za mafuta ya taa kama zetu. Choo? Ndoo. Msicheke, wenyewe walisema ndoo haiharibiki.

Msidhani walikuwa matajiri. Ni kweli, ukifika bandari za Ufaransa au Italia utaona mashua za starehe za watu wenye fedha nyingi, na nyingine zina wafanyakazi wa kuosha hata vioo. Lin na Larry hawakuwa hao. Fedha zikiisha walitia nanga wakatafuta kazi. Larry alitengeneza vyombo vya watu. Mara nyingine walipewa mashua ya mtu waipeleke bandari nyingine kwa malipo. Wakaandika pia makala na vitabu. Kitabu chao cha safari hii kilitoka mwaka 1981, jina lake Seraffyn's Mediterranean Adventure. Kwa jinsi hiyo walizunguka dunia nzima kwa miaka 11.

Kwa nini hawakufunga injini? Injini ina bei, inakula mafuta, inataka vipuri, tena inachukua nafasi. Wao waliona afadhali nafasi hiyo waweke chakula. Sisi hatusemi kila mtu afanye hivyo. Baharia anayekosa injini lazima awe na subira nyingi, na lazima ajue upepo.

Upepo usio na ahadi

Mabaharia wa pwani yetu ya Afrika Mashariki wana bahati. Kaskazi inavuma miezi yake, kusi inavuma miezi yake. Baharia anajua lini aende na lini arudi. Mediterania haina ahadi ya namna hiyo. Upepo unaweza kuvuma toka huku asubuhi, toka kule jioni, na usiku ukafa kabisa. Siku za kiangazi shwari ni nyingi. Hapo Larry alisimama tezini, yaani nyuma ya chombo, akapiga kasia refu huku na huku kama mkia wa samaki. Mwendo wa kobe, lakini walifika.

Halafu kuna pepo kali, na kila moja ina jina. Mistral hushuka toka bonde la mto Rhône, Ufaransa, na huweza kupita mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Meltemi huvuma bahari ya Ugiriki, hasa Julai na Agosti. Huo una ujanja wake. Anga ni safi, jua linawaka, hakuna hata wingu moja, na bado bahari inachafuka siku tatu, nne, hata wiki. Sirocco hutoka jangwa la Sahara na vumbi lake. Mvua ikinyesha siku hizo, huko Italia watu hukuta magari yao yamejaa tope jekundu. Kumbe ni mchanga wa Afrika uliovuka bahari!

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui: chombo cha tanga hakiwezi kwenda moja kwa moja kule upepo unakotoka. Lazima kibishe. Kubisha ni kwenda upande mmoja kwa mshazari, kisha kugeuka na kwenda upande wa pili kwa mshazari, kama mtu anayepanda mlima mkali kwa njia ya kupindapinda. Kwa hiyo ukitaka kusogea mbele kilomita 10, unasafiri kilomita 14 hivi. Kama ni kilomita 100, hesabuni wenyewe.

Jambo jingine la bahari hii ni kupwa na kujaa. Huku pwani ya Tanzania siku za bamvua maji hupanda na kushuka mita 3 na zaidi. Mediterania, sehemu nyingi hayafiki hata nusu mita. Basi vyombo hufungwa kwenye gati tezi ikielekea nchi kavu na nanga ikiwa mbele, mtu anashuka kwa ubao. Hakuna hofu kwamba maji yatakimbia na kukuacha umening'inia.

Dhoruba ikija

Tufike kwenye swali letu. Chini ya Seraffyn, kwenye mkuku, mlifungwa madini ya risasi. Risasi ni nzito sana. Mawimbi yakikilaza chombo ubavu, uzito ule wa chini unakivuta kisimame tena. Jaribuni nyumbani: chukueni chupa tupu yenye kifuniko, itieni majini, italala. Tieni mchanga kidogo ndani, funikeni, irudisheni majini. Isukumeni kwa kidole, muone inavyofanya.

Jambo la pili ni staha, yaani sakafu ya juu. Ilifunika chombo. Wimbi likipanda juu, maji hayaingii tumboni, yanarudi baharini.

La tatu ni ujuzi. Lin na Larry walijulikana sana kwa namna yao ya kungoja dhoruba. Hawakukimbia nayo wala hawakupambana nayo. Walipunguza tanga likabaki dogo, wakafunga usukani upande, chombo kikaelekeza omo yake kwa mshazari kule upepo unakotoka. Hapo chombo karibu kinasimama. Kinasukumwa kando polepole, na upande wa upepo kinaacha maji laini kama yaliyomwagiwa mafuta. Wimbi kubwa likifika kwenye maji hayo linapoteza nguvu. Watu wanaingia ndani, wanafunga mlango, wanapika uji kama wanaweza. Mwaka 1995 waliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo, na mabaharia wanakisoma mpaka leo. Lakini sharti uwe mbali na miamba. Ukiwa karibu na pwani, upepo utakusukuma kwenye mawe, na hapo laini ya maji haisaidii kitu.

Wawili tu

Kusafiri wawili ni kazi. Mmoja akilala, mwingine yuko zamu. Nyuma ya chombo chao palikuwa na kibao cha kushika upepo ambacho kiligeuza usukani chenyewe, kwa hiyo mikono ilipumzika. Macho hayakupumzika. Meli kubwa za mizigo hupita Gibraltar na mlango wa Sicily mchana na usiku. Meli hiyo haiwezi kusimama ghafla, na huenda wenyewe hawakuoni.

Hofu kubwa ni mtu kuanguka majini. Fikiria, mke amelala ndani, mume kateleza juu. Nani atasikia? Ndiyo maana mabaharia hujifunga kamba kiunoni au kifuani usiku na wakati wa mawimbi. Na ndiyo maana wote wawili lazima wajue kila kazi: tanga, usukani, dira, nanga. Mke asiyejua kugeuza chombo hawezi kumrudia mumewe, na mume naye vilevile kwa mkewe. Kwa maoni yetu hapa ndipo safari nyingi za wawili hushindwa, si kwenye tanga.

Bahari hiyo hiyo

Kuzunguka bahari hii kuna nchi zaidi ya 20. Chombo kikifika nchi mpya kinapandisha bendera ya njano, kuomba ruhusa ya kuingia. Siku hizi wageni wengi wasio watu wa Ulaya wanaruhusiwa kukaa siku 90 tu katika kila siku 180 kwenye nchi nyingi za Ulaya zilizoungana kwa mipaka. Mwenye pasipoti ya Kanada au Marekani huingia kwa siku hizo bila kuomba viza kwanza. Mwenye pasipoti ya nchi nyingi za Afrika lazima aombe, na mara nyingi ananyimwa.

Wengine basi huvuka bila karatasi. Tarehe 3 Oktoba 2013 mashua yenye urefu wa mita 20 hivi, iliyotoka Libya, ilifika karibu na kisiwa cha Lampedusa cha Italia. Ndani mlikuwa na watu kama 500, wengi wao kutoka Eritrea. Injini ilizimika usiku. Mtu akawasha blanketi ili waonekane. Moto ukashika mashua, watu wakakimbilia upande mmoja, na mashua ikapinduka. Nchi kavu ilikuwa inaonekana. Walikufa watu 368.

Angalieni tofauti. Bahari ni ile ile. Mashua hii ilikuwa ndefu karibu mara tatu ya Seraffyn. Lakini ilijaa uzito wa watu, unaohama wanapohama. Tangu mwaka 2014 watu zaidi ya 25,000 wamekufa au kupotea katika Mediterania wakijaribu kuvuka. Sheria ya bahari inasema nahodha yeyote, hata wa mashua ndogo ya tanga, akikuta watu katika hatari lazima awasaidie kadiri awezavyo bila kukizamisha chombo chake.

Larry alifariki mwaka 2020 huko New Zealand, walikohamia na mkewe.

Maswali

1. Mashua ya Lampedusa ilikuwa na watu wangapi kwa kila mita moja ya urefu?

2. Baharia anataka kusogea kilomita 50 kule upepo unakotoka. Atasafiri kilomita ngapi?

3. Wewe ni mume au mke katika chombo cha mita 7. Unawaona watu 60 kwenye mpira unaoingia maji. Jadilianeni: mtafanya nini kwanza?