Guta Limetoka kwa Fundi, Sasa Haliwaki? Pima Kabla ya Kununua Kifaa

Leo tuache viuatilifu kidogo, tuongee injini. Mazao yasipotoka shambani kwa wakati, jasho lote linaishia njiani.

Kijana mmoja mkulima wa nyanya alinipigia simu: "Bwana shamba, guta langu limenikataa." Injini yake ya cc 150 ilikuwa imetoka kwa fundi siku hiyo: ringi mpya, gasketi mpya, valvu zimesagwa. Kwa kiki haiwaki hata mguu ufe ganzi, mpaka isukumwe. Nyanya zimeshachumwa, ziko kwenye matenga, jua linapanda. Nikamwambia anunue kabureta mpya. Akanunua, tatizo likabaki palepale. Kosa lilikuwa langu: nilitaja kifaa kabla ya kupima.

Nilipofika tulianza upya kwa mpangilio huu. Na wewe ufuate hivi hivi.

1. Plagi na mafuta. Funga petroli, toa plagi, iangalie. Ikiwa kavu, petroli haifiki: kagua chujio, mpira wa mafuta na jeti za kabureta. Ikiwa imelowa, petroli inafika ila haiungui. Yake ilikuwa imelowa, kwa hiyo kabureta haikuwa na kesi.

2. Cheche. Ifute plagi, irudishe kwenye kofia yake, gusisha chuma chake kwenye injini mbali na tundu lake, kisha piga kiki. Cheche ya bluu yenye nguvu ni nzuri. Ikiwa dhaifu, jaribu plagi nyingine kwanza. Yake ilikuwa nzuri.

3. Mgandamizo. Ziba tundu la plagi kwa kidole gumba, mwenzako apige kiki. Upepo unatakiwa ukisukume kidole kwa nguvu. Ukiwa dhaifu, weka kijiko cha chai cha oili kwenye tundu, urudie. Ukiongezeka, ringi hazizibi. Usipobadilika, shuku valvu. Wa kwake haukubadilika.

4. Nafasi ya valvu. Injini iwe imepoa kabisa. Izungushe mpaka alama ya T ilingane na alama ya kwenye kava, huku roka zote mbili zikiwa huru. Pima kwa fila geji. Injini nyingi za aina hii zinataka milimita 0.05 hadi 0.10, ila kitabu cha injini yako ndicho cha mwisho. Kwenye valvu yake ya moshi, hata bamba la 0.05 halikupita.

Kwa nini? Valvu ikisagwa inakaa ndani zaidi kwenye kiti chake, na shina lake linasogea kuelekea roka. Nafasi inapungua mpaka valvu inashindwa kufunga, na upepo unavuja. Ukisukuma guta, injini inazunguka kwa kasi kuliko kiki, upepo unakosa muda wa kuvuja wote, ndiyo maana lilikuwa linawaka.

Tukaweka 0.08, kiki ya pili likawaka. Lakini matenga manne yalikuwa yameshalainika, yakauzwa kwa bei ya hasara. Na kabureta mpya haikuwa na kazi.

5. Taimingi. Kama nafasi ya valvu iko sawa na mgandamizo bado hafifu, mrudishie fundi akague kama alama za gia za taimingi zinalingana, na kama valvu zimekaa vizuri kwenye viti vyake.

Vijana, siku ya kuchukua injini kwa fundi, mwambie apime valvu mbele yako. Pima tena baada ya siku chache za kazi, maana vitu vipya hujipanga. Badili oili mapema, na usianze na mzigo mkubwa. La mwisho: injini iliyofunguliwa ijaribiwe siku mbili tatu kabla ya kuchuma. Nyanya hazimsubiri fundi.