Kabla Hujanunua Mashine ya Kahawa ya Mkono

Aliyewahi kukamua alizeti kwa mashine ya mkono anaijua nusu ya somo hili, hata kama hajawahi kuonja espreso. Mashine ile ilibuniwa na Carl Bielenberg akiwa Arusha, katikati ya miaka ya 1980. Ni bomba la chuma lililolazwa, mbegu zinashuka kutoka juu, na mkono mrefu unasukuma pistoni nyembamba ndani ya bomba. Mwishoni kuna koni inayobana njia ya mashudu. Ukiilegeza koni, mkono unakuwa mwepesi kama wa kitoto, lakini mafuta hayatoki. Ukiikaza, jasho linakutoka na mafuta yanachuruzika.

Shika hapo kwenye koni, tutapahitaji.

Tuseme sasa umekaa mezani Singida mjini, mbele yako kuna mashine ya mtumba ya aina nyingine: tangi dogo la shaba lililong'arishwa, mkono mmoja, kipini cheusi. Ni Europiccola, mashine ya nyumbani ambayo La Pavoni ya Milano ilianza kuitoa mwaka 1961. Haina mota wala pampu. Muuzaji anaushusha mkono mara tatu mfululizo. "Shusha mwenyewe, kaka. Haukwami hata kidogo." Ni kweli haukwami. Ila bado hajakuonyesha kitu.

Kanieneo, ambayo mtaani tunaiita presha, ni kani iliyogawanywa kwa eneo inalokandamiza. Lakini kani haipati pa kukandamiza mpaka kitu kikatae kusogea. Mashine tupu ni bomba la alizeti ambalo koni yake imelegezwa: pistoni inasukuma hewa, hewa inajiendea zake. Kwenye espreso kazi ya koni inafanywa na kahawa yenyewe, iliyosagwa laini na kushindiliwa kwenye kikombe chake cha chuma. Kahawa ya kuyeyuka ya kopo, ile ya Bukoba tuliyoizoea asubuhi, haifai kwa jaribio hili, maana inayeyuka na kuyaachia maji njia. Ya kutwanga kwenye kinu nayo ina matatizo yake: punje kubwa zimechanganyika na vumbi, maji yanachagua upenyo mmoja na kupita hapohapo.

Tupige hesabu. Pistoni yenye kipenyo cha sentimita 5 ina eneo la karibu sentimita 20 za mraba. Espreso inataka kama bari 9, yaani karibu kilo 9 kwa kila sentimita ya mraba. Zidisha: kilo 180, magunia mawili ya mahindi kasoro kidogo, juu ya kitu kisichozidi mdomo wa glasi. Nani ana mkono huo? Hakuna, ndiyo maana pana wenzo. Chukua rula. Kama kutoka kwenye egemeo hadi kipini ni sentimita 32, na kutoka egemeo hadi pini ya pistoni ni 4, uwiano ni 8. Gawanya 180 kwa 8, unapata 22 na nusu. Hiyo ni ndoo ya lita 20 iliyojaa, na ndoo yenyewe. Mama anayetoka kisimani anaujua uzito wake bila rula. Bei ya nafuu hiyo unailipa kwa mwendo: mkono unasafiri mara nane ya pistoni.

Kwa nini watu walihangaika na wenzo wakati mvuke upo? Mashine za mwanzoni mwa karne ya 20 zilisukuma maji kwa mvuke wa tangi lenyewe, na hapo kuna mtego. Kwenye chungu kilichofungwa, joto na kanieneo vimefungwa kamba moja. Ukitaka bari 9 za mvuke, maji lazima yafike nyuzi 180 hivi, ilhali kahawa inapenda maji ya nyuzi 90 hadi 96. Ungepata presha na makaa. Achille Gaggia wa Milano, aliyeandikisha hataza yake mwaka 1938 na baada ya vita akaleta mashine yenye springi, aliikata kamba hiyo: moto upashe maji, pistoni ndiyo isukume. Kwa maoni yangu huo ndio uvumbuzi hasa, povu la dhahabu lilifuata tu.

Ila ndani ya tangi kamba bado ipo, na hapo Singida inaingia. Mji uko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya Dar es Salaam inatukandamiza kwa bari 1, ya Singida kwa 0.85. Maji yanachemka kwenye nyuzi 95, ndiyo maana maharage yaleyale yanakula kuni zaidi huku juu. Kama mashine ina geji, kumbuka geji haisomi kanieneo yote; inasoma tofauti kati ya ndani ya tangi na hewa ya nje. Mshale ukisimama kwenye 0.8 Dar, ndani mna bari 1.8 na maji ni nyuzi 117. Mshale uleule Singida maana yake ni 1.65, na maji ni nyuzi 114. Mwingine atakimbilia kukaza swichi ya presha ili joto lipande. Mimi ningeiacha. Vimashine hivi vina tabia ya kuchemka kupita kiasi kufikia kikombe cha tatu, na nyuzi tatu pungufu ni zawadi ya mlima.

Basi mnunuzi aanze kwa kugusa. Anayenunua pikipiki ya mtumba hutangulia kushika injini aone kama imewashwa kwa siri kabla hajafika. Fanya hivyohivyo, tangi liwe la baridi. Soma kibao chini yake. Hita ya wati 1,000 ya umeme wa volti 230 inasoma omu 53 kwenye mita ya fundi. Ikisoma omu 12 hivi, ni ya volti 110, na ukiichomeka ukutani itavuta nguvu mara nne na zaidi, kisha iungue. Kati ya pini ya hita na bodi mita isisome njia yoyote, la sivyo mashine itakupiga shoti.

Fungua kifuniko, tia tochi. Ukoko mweupe ni chokaa: maji ya kisima yakipashwa moto, hewa ya ukaa inatoroka na chokaa inabaki haina wa kuishika. Udondoshee ndimu, utatoa mapovu. Unasafishika, lakini bei ipungue.

Halafu mashine ipashwe moto, itiwe kahawa, ushushe mkono na kuushikilia kwa uzito wa ile ndoo yako ya kilo 22. Usitazame kikombe. Tazama juu, pale fimbo ya pistoni inapoingilia. Maji yakichungulia hapo, sili za mpira zimekufa. Mpira unazeeka hata mashine ikilala kabatini, na kubadilisha sili ni kazi ya jioni moja. Shaba iliyopasuka ndiyo ya kukimbia.

Na siku ukiiuza kwa mtu wa Dar, kama ulikuwa umeikaza swichi ile, irudishe kwanza.