Ukungu Ndani ya Lenzi za Zamani

Ukungu wa lenzi ni nini hasa?
Ni matatizo mawili yenye jina moja. La kwanza ni utando mweupe uliosambaa sawasawa, kama kioo kilichohemewa. Mara nyingi hutokana na mvuke wa grisi ya pete ya fokasi, unaoganda kwenye vioo miaka inavyopita. La pili ni kuvu: nyuzinyuzi mfano wa tandabui, zinazoanzia pembeni. Lenzi ikitazamwa dirishani huonekana safi, kumbe picha zinatoka zimepauka. Dawa ni tochi: imulikwe upande mmoja, jicho litazame kwa mshazari upande wa pili.

Kwa nini kuvu husumbua sana Mbeya na Iringa, Tanzania?
Kuvu humea vizuri unyevu wa hewa ukizidi takriban asilimia 70. Tukuyu, mkoani Mbeya chini ya Mlima Rungwe, hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Iringa ni pakavu zaidi, ila kamera iliyolala kwenye baridi ya Julai ikiingizwa ghafla penye joto, vioo hutoka jasho. Kibaya kuliko vyote ni mkoba wa ngozi, kama ule wa kamera za Zenit: hunyonya unyevu, na ngozi yenyewe ni chakula cha kuvu.

Husafishwaje?
Vumbi hupulizwa kwanza, maana chembe moja ya mchanga ikiburutwa huacha mkwaruzo wa kudumu. Ringi inayoshika kioo hufunguliwa kwa spana yenye ncha mbili. Kila hatua ipigwe picha kwa simu. Kioo kikirudishwa kimegeuka, lenzi haichori tena picha kali. Grisi hutoka kwa alkoholi ya isopropili. Spiriti yenye rangi haifai, huacha madoa. Kuvu hulowekwa dakika chache kwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya vidonda inayouzwa maduka ya dawa, kisha kioo hufutwa kwa kuzungusha kutoka katikati kwenda nje, kwa pamba mpya kila mara. Wapo wanaochanganya peroksaidi hiyo na amonia. Basi jiki isiwe karibu, kwani jiki na amonia hutoa hewa ya sumu.

Kovu la kuvu huondoka?
Hapana. Kuvu hutoa asidi inayokula tabaka la juu, halafu kioo chenyewe. Hata hivyo makovu machache ya pembeni hayaharibu picha, isipokuwa jua likiipiga lenzi usoni. Utando ulio kati ya vioo viwili vilivyogundishwa ni kazi ya fundi mwenye vyombo.

Na baada ya hapo?
Lenzi ikae kwenye kopo lisiloingiza hewa pamoja na silika jeli, unyevu ukiwa asilimia 40 hadi 50. Kuianika juani ikiwa kwenye kamera ni hatari: jua linalokusanywa na lenzi linaweza kutoboa pazia la kitambaa la shata. Punje za silika zikilowa hukaushwa ovenini kwa nyuzi 120, zikapoa ndani ya chombo kilichofungwa, zikarudishwa koponi.