Maneno ya Kijerumani na Thamani ya Majina Mafupi ya Vikoa

Kompyuta zilizounganishwa na mtandao wa intaneti hutambuana kwa namba. Kwa kuwa binadamu hazikumbuki namba kwa urahisi, mwaka 1983 ulibuniwa mfumo wa kuzipatia majina, nayo huitwa majina ya vikoa. Kulia kwa nukta huwa alama ya nchi au ya kundi, kwa mfano .tz ya Tanzania, .de ya Ujerumani (kutokana na Deutschland), au .com iliyokusudiwa biashara. Kushoto huwa neno alilolichagua mwenye jina. Jina moja haliwezi kuandikishwa mara mbili. Ndiyo sababu majina hayo huuzwa na kununuliwa mfano wa viwanja.

Aghalabu husemwa kwamba kadiri jina lilivyo fupi ndivyo lilivyo ghali. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Kwa herufi 26 za Kilatini hupatikana mikusanyiko 676 ya herufi mbili, 17,576 ya herufi tatu na 456,976 ya herufi nne. Mingi kati yake, kama vile xqj, haimwambii msomaji chochote. Bei hupanda pale mkusanyiko unaposomeka kuwa neno, hasa neno la kitu kinachouzwa.

Hapo ndipo Kijerumani huonyesha tabia yake. Kwanza, maandishi yake hutumia herufi nyingi kwa sauti chache. Neno Schuh, yaani kiatu, lina sauti mbili tu lakini huandikwa kwa herufi tano. (Schule, neno lililokipatia Kiswahili "shule", nalo limepungukiwa na herufi moja katika safari hiyo.) Pili, Kijerumani huunganisha maneno bila kuacha nafasi: bima ya ugonjwa ni Krankenversicherung, herufi 19 mfululizo. Kwa hiyo majina ya vitu yenye herufi tatu au nne, kama Uhr (saa), Tee (chai), Hut (kofia), Bett (kitanda) na Brot (mkate), ni machache, na uchache huo huongeza bei.

Hata hivyo herufi zilezile hubadili maana zikivuka mpaka. Bad kwa Kiingereza ni "mbaya", kwa Kijerumani ni bafu, na muuzaji wa mabomba wa Ujerumani angelifurahia sana. Handy, ambalo Waingereza hulitumia kwa kitu chenye manufaa, kwa Wajerumani ni simu ya mkononi. Gift ni kinyume chake: kwa Kiingereza ni zawadi, kwa Kijerumani ni sumu. Mnunuzi atakayetoa fedha nyingi kwa neno hilo chini ya .de, akidhani atauza zawadi huko Berlin, atakuwa ametundika kibao cha sumu mlangoni. Zaidi ya hayo, mfumo wa majina hautofautishi herufi kubwa na ndogo, ilhali Kijerumani hufanya hivyo: Arm ni mkono, arm ni maskini.

Tatizo jingine ni herufi ä, ö na ü, ambazo awali hazikukubaliwa. Bücher (vitabu) lililazimika kuwa buecher, na Öl (mafuta) likawa oel. Tangu Machi 2004 herufi hizo zaruhusiwa chini ya .de, lakini ndani ya mfumo bücher husafiri kama xn--bcher-kva, na mgeni asiye na herufi hizo kwenye kibodi yake hupata taabu kuliandika. Mfanyabiashara makini huona heri ayaandikishe yote mawili.

Majina ya herufi mbili yalikuwa na kisa chake. DENIC, chama cha ushirika kinachosimamia .de, kwa miaka mingi kilikataa kuyaandikisha. Volkswagen ilidai vw.de, na mwaka 2008 mahakama ya Frankfurt iliipa haki. Tarehe 23 Oktoba 2009 mlango ukafunguliwa kwa wote, mwenye kuwahi ndiye mwenye kupata. Neno Ei, yai, likaweza kuwa jina.

Sheria pia hutenganisha neno na jina. Mwaka 2001 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani iliamua, katika shauri la mitwohnzentrale.de, kwamba neno la kawaida la biashara laweza kuandikishwa na yeyote mradi asiwapotoshe watu. Mwaka huohuo mahakama hiyohiyo ilimnyima shell.de mtu ambaye Shell lilikuwa jina lake halisi la ukoo, kwa kuwa umma ulitarajia kuikuta kampuni ya mafuta mahali hapo. Mwenye neno linalomaanisha saa au chai ana kinga ambayo hakuwa nayo mtu yule mwenye jina la ukoo wake.